Seva Chumbani mwa Mama Mkwe

Jumamosi, Julai. Baridi tangu alfajiri. Jua limechungulia mara moja adhuhuri, likaona milima ya Mbooni ingali imejitanda ukungu, likarudi lilikotoka. Nimevaa koti juu ya fulana mbili na bado vidole vinasita kuandika.

Nyumba imetulia. Mke wangu, Ndinda, yuko Kambu kwa binti yetu Mueni, ambaye amejifungua mtoto wa kike. Nimebaki hapa Mbumbuni na mama mkwe wangu. Asubuhi na jioni huja Mwongeli, jirani yetu, kumpikia na kumsaidia kuoga. Saa nyingine zote tuko sisi wawili tu, kila mmoja upande wake wa nyumba.

Leo nataka kuandika juu ya seva.

Najua wanaonisoma hapa wamezoea kunikuta nikilalamikia barabara ya sokoni, wahubiri wanaopiga kelele, na vijana wanaoandika sentensi ndefu bila hata nukta moja. Leo mnivumilie. Siku hizi nne nimekuwa mwanafunzi, tena mwanafunzi mzito.

Seva yangu ni kisanduku cheusi, ukubwa wake kama Biblia mbili kubwa zilizolazwa moja juu ya nyingine. Humo ndani yamo mafaili yote ya nyumba hii: picha za watoto tangu wakiwa na mapengo, mitihani niliyotunga nilipokuwa mwalimu, hati za shamba. Kompyuta yangu na simu za nyumbani huyafuata mafaili hayo humo kupitia ruta. Mueni ndiye aliyeninunulia nilipostaafu, akidhani kitanichosha wiki moja nikiache. Sikukiacha. Nilijifunza kukitumia kama nilivyojifunza ngeli, kwa kukariri na kwa kukosea.

Lakini kilicho muhimu zaidi humo si picha wala mitihani.

Ni sauti yangu nikisoma Biblia kwa Kikamba.

Lazima nieleze. Mama mkwe wangu, ninayemwita Mwaitu, yaani mama yangu, aliishi Kwa Vonza, upande wa Kitui, hadi macho yake yalipoanza kuzimika. Sasa huona mwanga na kivuli, basi. Ndinda hakuweza kumwacha peke yake kule, na ndugu zake wote wako kazini mijini. Kwa hiyo tulimleta hapa. Wazee wenzangu walinitazama vibaya kidogo. Kwetu mama hazeekei kwa mkwewe, maana sisi Wakamba tuna kitu tunachokiita nthoni. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono. Hali naye meza moja. Chumba anacholala hakikanyagi, hata nyumba ikiwa ni yake mwenyewe na hati iko mfukoni. Mtu wa mbali huona ni kama chuki. Si chuki. Ni heshima iliyo nzito kiasi kwamba huwezi kuisogelea.

Basi nilimpa chumba changu cha kusomea. Niliziba kwa matofali mlango uliotoka sebuleni, nikafungua mwingine unaotazama uani, ili tusigongane kwenye ujia. Nilihamisha vitabu, meza, hata saa ya ukutani.

Seva sikuihamisha. Ilikuwa imetulia vizuri juu ya kabati fupi kando ya kitanda, karibu na betri inayoilinda stima ikipotea, na waya wake umekwishapitishwa. Nilijiambia kuwa kisanduku hakihitaji kutembelewa.

Sidhani kuna mwanamume mwingine katika kata hii ambaye amefungia mafaili yake yote mahali ambapo mila inamkataza kuingia.

Mwaitu alipofika hapa alikuwa mnyonge. Kule kwao alizoea kusoma Biblia mwenyewe, na sasa herufi zilikuwa zimemtoroka. Ndinda husoma haraka, kama mtu anayekimbizwa. Ndipo nilipoanza kusoma mimi. Kila siku baada ya chai ya saa kumi nilifunga mlango wa sebule, nikasoma sura moja kwa kinasa sauti, nikaihifadhi kwenye seva. Kando ya kitanda cha Mwaitu niliacha simu ya zamani, isiyo na laini wala nafasi ya kuweka kitu, yenye kazi moja tu: kuichukua sura ya siku hiyo kutoka kwenye seva na kuisoma kwa spika ndogo. Mwongeli huibonyeza jioni kabla ya kwenda kwake. Mara nyingi nikiwa bafuni au jikoni hujisikia mwenyewe nikisoma ng'ambo ya ukuta. Mwaitu anapenda zaidi vita vya Daudi. Ameniagiza kupitia kwa bintiye nisiruke hata jina moja la askari.

Huo ndio uliokuwa mwenendo wetu. Mimi na mama mkwe wangu hatukuwa tukizungumza zaidi ya salamu za kupitia dirishani, lakini kila jioni nilimsomea.

Jumatano fundi wa intaneti alikuja kubadilisha ruta. Ile ya zamani ilikuwa ikichemka hata huwezi kuishika. Aliweka mpya, akachukua ya zamani, akaenda zake. Mimi mwenyewe nilihakikisha kuwa jina la mtandao na neno la siri ni yale yale ya zamani, ili mtu asisumbuke. Nilijiona hodari.

Jioni ile Mwongeli alibonyeza simu. Simu ikaandika kwamba seva haipatikani.

Nilipofikiri nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Kila kifaa katika mtandao wa nyumba huwa na anwani yake ya namba. Ruta ya zamani ilikuwa ikigawa anwani za mfululizo mmoja; hii mpya hugawa za mfululizo mwingine kabisa. Vifaa vingine havijali, hupewa anwani mpya vikaendelea na kazi. Lakini seva niliipa mimi anwani ya kudumu, nikaifungia hapo, kwa kuwa sipendi kitu kinachohamahama. Mtaa mzima ulikuwa umehama, na seva ilikuwa imebaki kwenye kiwanja cha zamani ikingoja hodi.

Au pengine ilikuwa imekufa tu, kwa kuwa fundi alizima stima ya nyumba nzima alipokuwa akifanya kazi, na betri huenda iliisha. Kutokea sebuleni sikuweza kujua.

Fundi nilimpigia anipe neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Alisema liko kwa wakubwa wake na ataliuliza wiki ijayo. Dawa iliyobaki ni ile niliyoijua: kuunganisha kompyuta na seva moja kwa moja kwa waya, bila ruta katikati, na kuibadilisha anwani. Na seva ilikuwa chumbani mwa Mwaitu.

Nilimwomba Mwongeli aniangalizie walau taa zake kama zinawaka.

"Mwalimu, hiyo kitu mimi siguzi," alisema. "Juzi nikipanguza vumbi ilinishtua na stima. Wewe ndio mwanaume, si uingie tu uangalie?" Kisha akakumbuka, akajishika mdomo. "Woi! Huwezi. Sasa hapo kuko na kazi."

Alhamisi nilikaa. Ijumaa nilikaa. Nilisoma maelezo mengi mtandaoni yaliyoandikwa na watu ambao bila shaka hawana mama mkwe. Sikumwambia Mwaitu neno. Nilidhani nitaitengeneza kabla hajatambua, na kwa kweli niliona haya. Mwalimu mzima nimeshindwa na kisanduku.

Leo asubuhi Ndinda alinipigia kutoka Kambu. Nilisikia mtoto akilia nyuma yake.

"Baba Mueni, umemfanya nini mama?"

Nilimwambia sijamfanya lolote.

"Amenipigia na simu ya Mwongeli. Anataka kurudi Kwa Vonza. Ameshamwambia Kioko ampitie kesho wakitoka kanisani."

Kioko ni kaka yake Ndinda. Ana gari na ni mtiifu. Akiambiwa na mamake aje, atakuja.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Anasema mwenye nyumba akinyamaza, mgeni huaga. Anasema umechoka naye, umekosa tu jinsi ya kusema."

Nilikaa kitini nikiwa bado nimeshika simu. Kwa Vonza hakuna mtu. Kuna nyumba iliyofungwa, tangi la maji, na kaburi la mumewe. Kioko angemshusha pale, akamtafutia msichana wa kumpikia, na Jumatatu angelazimika kurudi kazini. Mwanamke asiyeona angebaki na mgeni asiyemjua, kwa sababu mimi sikufungua kinywa kusema kwamba kifaa kimeharibika.

Nilichukua kiti cha jikoni, nikakipeleka uani, nikakiweka chini ya dirisha lake. Nilikigeuza kitazame ghala. Pazia lilikuwa limeshushwa. Humo ndani nilisikia maganda ya mbaazi yakipasuka. Hata bila macho, vidole vyake vinaambua haraka kuliko vyangu.

"Mwaitu," niliita.

Maganda yalinyamaza. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Baba Mueni."

"Aa. Nilidhani ni wale wanunuzi wa mbuzi."

Alisema kwa Kikamba, nami nilimjibu kwa Kikamba. Hapa naandika kwa Kiswahili kwa ajili yenu. Nilimwambia kwamba sikuacha kusoma. Nilimwambia sijachoka naye, na kwamba mashine inayohifadhi masomo imepotea.

"Imeibwa?"

"Hapana. Iko humo humo ndani, kando ya kitanda chako."

"Sasa imepoteaje, nayo iko kando ya kitanda changu?"

"Ipo, Mwaitu. Ni kwamba hatuwezi kuifikia."

"Nani hawezi? Mimi naweza."

Nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu. Sikuwa nimemwomba. Nilikaa wima nikitazama ghala kama mtu anayepigwa picha.

"Nimefika," alisema. "Nifanye nini?"

Nilimwomba aweke mkono juu yake aniambie kama ina joto.

"Ina joto. Kama kuku aliyeatamia."

Nikamuuliza kama inatoa mlio wowote. Alikaa kidogo, nadhani aliinamisha sikio.

"Inanguruma. Kidogo tu. Na kuna kitu cha kijani kinapepesa hapa mbele, isipokuwa kama ni macho yangu haya yananitania."

"Ni taa yake, Mwaitu."

"Basi haijafa. Mbona ulikaa na msiba siku zote hizi?"

Nilimuuliza kama kuna waya nyuma yake, na kama umeshika vizuri.

"Upo. Hautikisiki." Kisha nilisikia kiganja chake kikipapasa ukuta polepole, kikielekea upande wa sebule. "Unapita nyuma ya kabati. Unashuka. Unaingia ukutani. Huko ng'ambo analala nani?"

"Halali mtu. Ni sebule."

"Aa," alisema, akarudi kwenye mbaazi zake.

Nilibaki pale uani kama niliyemwagiwa maji. Tundu lile nililitoboa mimi. Waya ule niliupitisha mimi. Upande mmoja umechomekwa kwenye seva. Upande wa pili umechomekwa kwenye ruta, hatua chache kutoka kwenye kiti ninachokalia kila siku. Kuunganisha kompyuta na seva hakukuhitaji mtu aingie chumbani kwa yeyote. Kulihitaji niung'oe waya kwenye ruta na kuuchomeka kwenye kompyuta yangu. Lakini tangu Jumatano akili yangu ilikuwa imesimama mlangoni mwa Mwaitu, na haya ilikuwa imenishika hata sikugeuka kutazama upande wangu mwenyewe.

Niliinuka, nikaingia ndani, nikafanya hivyo.

Kwa wale watakaopatwa na jambo kama hili, nitaandika wazi. Seva yangu ilikuwa bado kwenye anwani ya zamani, kwa hiyo niliifungua mipangilio ya kompyuta na kuipa, kwa mkono, anwani ya mfululizo ule ule wa zamani, yenye tarakimu ya mwisho tofauti. Kisha niliandika anwani ya seva kama nilivyoizoea. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha ukurasa wa kuingilia ukafunguka.

Yote yalikuwamo. Picha zilikuwamo. Mitihani ilikuwamo, hata ule ambao wanafunzi waliuita wa kikatili. Na masomo yalikuwamo, sura baada ya sura, kila moja na jina lake, hadi pale tulipokuwa tumeachia, Absalomu akiwa amekimbia na Daudi akimlilia mwanawe. Nilizipitisha sura hizo mbele ya macho yangu taratibu, ingawa hapakuwa na haja.

Niliibadilisha anwani ya seva ikae kwenye mfululizo wa ruta mpya. Niliurudisha waya kwenye ruta na kuirejesha kompyuta kama ilivyokuwa. Seva ilipatikana mara moja, kana kwamba haikuwa imekwenda popote. Nayo kweli haikuwa imekwenda popote.

Ilibaki simu ya kando ya kitanda. Nayo ilikuwa ikiitafuta seva kwenye anwani ya zamani, kwa hiyo ilinibidi niishike.

Nilirudi kwenye kiti changu. "Mwaitu, naomba ile simu ya kusomea."

Najua wapo vijana watakaocheka hapa. Mkono wake na mkono wangu haiwezi kukutana. Kwa hiyo aliifunga simu ndani ya leso, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, akasema, "Nimeondoka." Nilingoja nisikie fimbo imefika kitandani. Ndipo nikageuka nikaichukua. Niliandika anwani mpya, nikajaribu, nikaifunga tena ndani ya leso vizuri kuliko nilivyoikuta, nikaiweka pale pale.

"Nimeondoka," nami nikasema.

Nilipokuwa nimefika karibu na ghala, sauti yangu ilianza kusoma. Mwaitu alikuwa ameibonyeza mwenyewe. Kumbe siku zote anajua kuibonyeza, na humwachia Mwongeli ili naye asikie. Nilisimama nikasikiliza pamoja naye, mimi huku nje na yeye mle ndani. Kuku walikuwa wakipekua maganda chini ya dirisha. Sura ilikwisha.

"Mkwe," aliita. Hakuwa amewahi kuniita yeye kwanza.

Nilirudi kwenye kiti, nikakaa, nikalitazama ghala. "Naam, Mwaitu."

"Huyu wa kwenye simu anasoma vizuri."

"Asante."

"Lakini wewe, siku hizi zote, ulikuwa unaumwa na koo?"

"Hapana, Mwaitu. Sikuwa mgonjwa."

"Biblia ilikuwa imeazimwa?"

"Hapana. Ilikuwa mezani."

"Na hicho kiti ulichokalia, kimeletwa leo?"

"Hapana, Mwaitu. Ni cha jikoni."

"Haya," alisema. Mbaazi zikaanza tena kupasuka. Baada ya kitambo akaongeza, kama anayeagiza chumvi dukani: "Kioko akija kesho mumpe muthokoi, ale ashibe, halafu arudi na gari lake kama lilivyokuja."

Nilimpigia Ndinda nikamwambia. Alicheka hata akamwamsha mtoto.

Sasa jioni imeingia, Mwongeli amekwenda kwake, nami nawaza juu ya swali la Mwaitu. Nilihangaika siku nne kuirudisha sauti yangu chumbani mwake, nayo sauti yenyewe nilikuwa ninatembea nayo. Dirisha lilikuwapo. Kwa nini halikunijia wazo la kukaa nje ya dirisha na kusoma?

Nadhani najua. Kwenye kinasa sauti, nikiteleza, husimama nikarudia. Yanayomfikia Mwaitu ni yale tu yaliyonyooka. Hajawahi kunisikia nikikosea. Maisha yangu yote nimewasahihisha watu, na mtu wa namna hiyo huogopa sana kusikika akikosea. Nthoni hunikataza kumtazama. Haikunikataza kusoma. Hilo nililiongeza mimi.

Seva itaendelea na kazi yake. Sura zote ziko salama, na safari hii nimeandika anwani yake mpya kwa kalamu ubaoni jikoni, mahali ambapo mila yoyote inaniruhusu kufika. Lakini kesho, Kioko akishaondoka, nitatoka na Biblia na kile kiti. Nitaketi chini ya dirisha nikiwa nimelipa pazia mgongo, nitasoma sura inayofuata, na nitakapoteleza nitateleza mbele ya masikio yake.

Huenda akacheka. Ameishi nyumbani kwangu muda huu wote na sijui kicheko chake kikoje.